Pembe ya Mita za Umeme

Nélida Echenique alichora ua kwanza, nyumba baadaye:
duara kubwa katikati ya karatasi, kama sinia,
na nyumba thelathini na moja zikilizunguka
kama wageni wanaosubiri chakula kipoe.
Pembeni, kwa wino mwekundu: *Pa kufulia, pa wote. Mabomba manane.*

Zulma akainua mkono wenye makovu ya pasi ya kiwandani.
"Mimi nimezaliwa kwenye jumba la vyumba ishirini,
bomba moja, choo kimoja, foleni moja.
Mtaa mzima ulizijua chupi za mama yangu
kabla haujajua jina lake.
Nipe sinki langu, binti, na mlango wenye ufunguo.
Nikishaweza kujifungia
ndipo nitajua kama nataka kutoka."

Nje, mvua ya Julai ilikuwa ikiichapa Montevideo.
Penseli ilisimama muda mrefu.

Akafuta mabomba manane.
Akabaki na mambo madogo, ya kuibia kwa sentimita:
dirisha la jiko litazame njia,
anayemenya viazi amwone anayepita,
na pazia liwe uamuzi wake;
njia yenyewe iwe nyembamba kiasi kwamba wawili wakikutana
lazima mmoja aseme "pita";
kizingiti kitoshe tako moja na nusu,
maana anayekaa hivyo husema naondoka sasa hivi,
na haondoki.
Wanasema ukuta una masikio.
Yeye alitaka wake uwe na mdomo pia.

Walijenga wenyewe miaka miwili,
jioni baada ya kazi, Jumamosi, Jumapili,
mwalimu wa hesabu akikoroga zege,
mwokaji mikate akipokea tofali kama mkate wa moto.
Hakuna aliyejua ipi itakuwa yake.
Kura ingepigwa siku ya mwisho,
vikaratasi ndani ya kofia ya Wilmar.
Basi kila ukuta ulipimwa kwa timazi
kana kwamba mama mzazi ndiye atakayeuegemea.

Isipokuwa mmoja, wa Wilmar mwenyewe,
uliopinda karibu na sanduku la mita za umeme.
Siku ile mkewe alikuwa hospitalini
na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia abomoe.

Mwaka wa tatu Nélida alirudi na tepu na daftari.
Ukumbi wa mikutano, fahari yake, umefungwa,
viti vimebebana migongoni,
ufunguo uko kwa katibu, katibu yuko kazini.
Katikati ya ua, nyasi tu,
na upepo wa kusini unaopiga bila kuuliza jina.
Hakusema kitu. Tumbo lake lilisema.

Kisha kicheko, nyuma ya nyumba ya kumi na nne.

Pale ukuta ulipopinda upepo haufiki,
ila jua la saa tisa linafika.
Kreti nne za chupa. Kiti cha gari lililokufa zamani.
Zulma anamshonea Wilmar kifungo shati likiwa mwilini,
na kibuyu cha mate kinazunguka.
Usicheke, msomaji, ndivyo kinywaji kile kinavyoitwa kwao,
na kwa kuwa mrija ni mmoja na midomo ni saba
lugha yetu haikukosea sana.

"Kaa," akasema Zulma, akisogea nusu tako.

Nélida hakukaa mara moja. Alivuta tepu.
Mita mbili na sentimita kumi, kwa mita moja na arobaini.
Akaandika. Chini yake akaandika: *mke, hospitali*,
kalamu ikasita,
maana mradi ujao una nyumba hamsini
na hilo halina kipimo.

Mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani,
akamnyooshea kibuyu.
"Kunywa kikiwa moto," akasema.
"Mimi ndiye niliyeupinda huo ukuta."